Mhariri, mlima haumngoji anayeamka saa tatu

Kwa Mhariri,

Salamu nyingi. Mimi ni msomaji wenu wa miaka mingi, zamani gazeti nilikuwa nalisomea stejini nikingoja gari ijae, siku hizi nalisoma kwa simu lakini bado ni nyinyi tu. Naandika sababu ya ule ukurasa wenu wa safari wa wikendi iliyopita, ule wa visiwa vya Bahari ya Hindi ambavyo Mkenya anaweza kwenda kupunga upepo. Mauritius imepewa nusu ukurasa, Shelisheli ikapewa picha kubwa ya mchanga mweupe, alafu Réunion ikapewa mistari minne, ati ufukwe ni mfupi, kuna papa, bei ziko juu, songa mbele. Nilicheka peke yangu mpaka konda akaniuliza kuna nini.

Sisemi mwandishi wenu amedanganya. Papa wapo, tena mwaka 2013 kule walipiga marufuku kuogelea na kuteleza kwa mawimbi nje ya zile sehemu zilizokingwa na matumbawe au zenye ulinzi, na bei nitakuja kuzisema. Lakini kumaliza habari ya Réunion kwa kuangalia bahari ni kama mtu ashuke hapa Embakasi, alale siku tatu kwa hoteli ya karibu na uwanja wa ndege, arudi kwao aandike ati Kenya ni nchi tambarare yenye malori mengi. Kile kisiwa utamu wake uko ndani, juu milimani, na kule ndani huendi kwa miguu iliyotoka hotelini saa mbili baada ya chai. Unaenda na gari ya kulala. Hii ndio barua yangu yote, lakini wacha nieleze.

Mimi ni dereva. Nimeendesha matatu, nimeendesha van za watalii Mara na Amboseli, kwa hivyo mambo ya barabara si ya kuhadithiwa. Dada mdogo wa mke wangu ameolewa kule, mjini Saint-Pierre upande wa kusini, na mwanyumba wangu ni mtu mpole sana ambaye Kiswahili chake kinaishia kwa "pole pole" na Kifaransa changu kinaishia kwa "merci". Mwaka juzi mwezi wa nane tulienda kuwatembelea, mimi na mama watoto, na mwanyumba ndiye aliyetoa wazo kwamba tukodi kampavani wanne wetu, wiki moja, tugawane gharama. Mama watoto akaniangalia. Miaka yote nalala ndani ya gari kwa kazi, sasa nalipa nilale ndani ya gari kwa likizo?

Kwa wanaotaka kwenda, jambo moja la haraka. Réunion ni Ufaransa kabisa, wanatumia yuro, lakini haiko ndani ya Schengen, lile eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, kwa hivyo viza ya Schengen ya kawaida haikutoshi, lazima iandikwe wazi kwamba unaruhusiwa kuingia Réunion. Sisi tulipitia Mauritius, kutoka hapo ni kuruka tu, hata soda huimalizi.

Sasa kisiwa chenyewe. Ni kilomita za mraba 2,512, yaani hakifiki Nairobi nne, na wanaishi karibu watu laki tisa, wengi wao wamejipanga pembeni pembeni baharini kama mchwa kwa ukingo wa sahani. Katikati ni mlima mtupu. Yaani ni volkeno mbili zilizotoka chini ya bahari zikashikana. Moja inaitwa Piton des Neiges, mita 3,070, hii imelala zamani sana. Ya pili ni Piton de la Fournaise, mita 2,632, hii haijalala hata kidogo, ni kati ya volkeno zinazolipuka mara nyingi kuliko karibu zote duniani. Ule mlima mkubwa uliolala, mvua na maporomoko yameubomoa pole pole mpaka zikabaki bakuli tatu kubwa za ajabu, kuta zake zimesimama wima mita mia kadhaa na kuendelea, na ndani ya hizo bakuli kuna vijiji. Mafate, Cilaos, Salazie. Mkiambiwa mvua imechonga msidhani ni maneno tu, kuna mahali karibu na ile volkeno isiyolala panaitwa Foc-Foc ambapo Januari 1966 kimbunga kilimwaga milimita 1,825 kwa masaa ishirini na nne. Nairobi yetu hii inapata karibu elfu moja kwa mwaka mzima, na tukipata mia tu kwa siku moja barabara zinageuka mito na magari yanaelea.

Na hapa ndo kuna siri ambayo mwandishi wenu hakuambiwa. Asubuhi kule juu ni safi kama kioo. Ikifika saa tatu, saa nne, jua limeshapasha bahari na miteremko, mawingu yanaanza kupanda kutoka chini, yanajaza zile bakuli, yanafunika kila kitu, na hapo mchezo umeisha mpaka jioni au kesho. Mtalii wa ufukweni anaamka, anakunywa chai, anaingia kwa gari la kukodi, anapanda kona moja baada ya nyingine, akifika juu anakuta shuka jeupe.

Hii najua sababu sisi wenyewe ilitupata. Kabla ya kuchukua kampavani tulijaribu kwenda Maïdo na gari ndogo ya mwanyumba. Maïdo ni ukingo wa bakuli ya Mafate, mita kama 2,200 hivi. Tulitoka nyumbani saa mbili, tukasimama kununua mikate, tukasimama tena shemeji anunue sambusa, na nisisahau kusema sambusa kule ziko kila kona, wao wanaziita samoussa, Wahindi walizileta kama walivyotuletea sisi. Kufika juu, tupu. Ukungu mtupu. Kulikuwa na mzungu mmoja na kamera ya maana sana anapiga picha ukungu. Mama watoto alikula sambusa mbili, akasema kumbe tungebaki Limuru.

Mara ya pili tulikwenda jioni na kampavani, tukalala chini kidogo kwenye sehemu ya msitu ambayo mwanyumba alikuwa ameshauliza kama inaruhusiwa. Hii ni muhimu, manake sehemu kubwa ya ndani ni hifadhi ya taifa tangu 2007, zaidi ya asilimia arobaini ya kisiwa kizima, na kuna alama za kukataza kulala sehemu nyingi, kwa hivyo huwezi tu kupaki popote ati umechoka. Usiku baridi ilikuwa ya Kinangop. Saa kumi na moja nikaamsha watu, tukapanda zile kona za mwisho na taa, tukasimama ukingoni na blanketi mabegani kama wazee wa baraza. Mwanga ulipokuja, Mhariri, sijui niseme nini. Chini kabisa, mbali sana, unaona paa za mabati ndogo ndogo kama vifuniko vya soda vimemwagwa kwenye vigongo vya mlima, moshi mmoja unapanda, jogoo anawika na unamsikia. Na hakuna barabara. Hata moja. Ndani ya Mafate wanaishi watu mia saba na ushee na gari halijawahi kuingia. Unaenda kwa miguu au kwa helikopta. Mtungi wa gesi unaletwa na helikopta, simiti inaletwa na helikopta, takataka zinatolewa na helikopta. Mimi dereva nikasimama pale naangalia sehemu ambayo kazi yangu haina maana yoyote, nikajisikia vizuri ajabu, sijui kwa nini.

Kwani watu walifikaje huko? Walikimbia. Hii sehemu mwandishi wenu angeijua angeandika kurasa mbili. Kisiwa kilikuwa kinaitwa Bourbon, na mashamba ya kahawa na baadaye miwa yalilimwa na watumwa waliotolewa Madagaska, Msumbiji na pwani yetu hii ya Waswahili. Mwaka 1776 Sultani wa Kilwa alitia mkataba na mfanyabiashara Mfaransa jina lake Morice wa kumuuzia watumwa elfu moja kila mwaka. Elfu moja kila mwaka, kwa mkataba, na muhuri. Waliofika kule na wakapata nafasi walipanda milimani, ndani ya zile bakuli ambako farasi wa bwana hawezi kufuata. Mafate ni jina la mmoja wao, Anchaing ni mwingine ambaye kilima chake bado kinasimama katikati ya Salazie. Cilaos nayo wanasema ni neno la Kimalagasi. Hata uwanda wa juu wenye ng'ombe unaitwa Plaine des Cafres, na hilo "cafre" ni kafiri letu hili hili tunalolijua, limezunguka na Waarabu na Wareno na Wafaransa mpaka likaandikwa kwa kibao cha barabara. Watumwa walipoachiliwa tarehe 20 Desemba 1848 walikuwa zaidi ya elfu sitini, na hiyo tarehe mpaka leo ni sikukuu kule. Soko la Saint-Pierre mama mmoja wa Komoro alitusikia tunaongea akageuka, tukaanza kuokoteza maneno, maji ni maji, karibu ni karibu, akatuongezea ndimu za bure. Kwa hivyo yule anayesema kuzunguka milima ni mambo ya wazungu, aende akaseme hivyo Mafate.

Turudi kwa gari. Barabara ya kwenda Cilaos inatoka Saint-Louis, ni kilomita thelathini na kitu, na ina kona zaidi ya 400. Wenyewe wanazihesabu, wanajivunia. Mimi nimeendesha ile ya zamani ya Mai Mahiu tangu niko kijana, nimeshusha Kabarnet kwenda Tambach na gari imejaa, nikasema moyoni hii ni ya watoto. Haikuwa ya watoto. Kwanza kule wanaendesha mkono wa kulia, kwa hivyo mkono wangu wa kushoto ulikuwa unatafuta gia na kugonga mlango siku mbili nzima. Pili kampavani ni ndefu nyuma ya matairi, mkia unafagia, ukikata kona kama Hiace umeshachubua ukuta. Tatu kuna mahandaki ya zamani ya njia moja, unapiga honi kabla hujaingia na unaomba Mungu, na lazima ujue kimo cha gari lako kwa sentimita, usikisie.

Kona ya mia mbili na kitu nikakutana na basi uso kwa uso. Basi la abiria, dereva wake mzee mwenye kofia ya nyasi. Kule kama kwetu, mkubwa ana haki na mdogo anarudi nyuma, ila mdogo alikuwa mimi na nyuma yangu kulikuwa na kona, ukuta upande mmoja na upande mwingine hewa. Shemeji akafunga macho. Yule mzee akazima injini, akashuka, akaja akasimama nyuma ya gari langu akanionyesha kwa mkono, leta, leta, simama, kata, leta, lugha ile ile ya utingo wa River Road, hakuna neno hata moja nilishindwa. Nikarudi kama mita sitini. Alipopita akagonga bodi mara mbili, pa pa. Mhariri, hiyo pa pa nilidhani ni yetu peke yetu.

Kushuka ndio mtihani. Wageni wanashuka na breki mpaka unasikia harufu ya kuungua kutoka kwa gari la mbele. Weka gia ya pili, injini ndo ikushike, breki gusa uachilie. Na ukiona magari yamejipanga nyuma yako ingia pembeni uwapishe, wenyeji wanaenda kazini, hawako likizo.

Cilaos yenyewe iko mita 1,200, mji mdogo, nyumba za rangi, kuna maji ya moto ya ardhini, na wanalima kamande. Kamande hizo ni ndogo, za rangi ya kahawia, na bei yake ni kama ya nyama. Tulipika kwenye jiko la gesi la gari, mlango wazi, na soseji zao za kukaushwa zilizokaangwa na nyanya na pilipili, wanaita rougail, juu ya wali. Nasema mlango wazi makusudi. Msipike ndani ya gari limefungwa madirisha, na jiko la makaa msithubutu hata kama baridi inaua, tumezika watu hapa nchini kwa mambo hayo. Hata usiku bila jiko acha dirisha wazi kidogo, pumzi za watu wanne zinageuka maji, sisi asubuhi ya kwanza dari lilikuwa linatudondoshea kama tumelala pangoni.

Alafu volkeno. Unapanda kutoka kijiji cha Bourg-Murat, kwanza ni majani na ng'ombe na ukungu, ungeapa uko Njabini, alafu msitu unafupika unakuwa vichaka, alafu unapita ukingo na mbele yako ni uwanda mwekundu mweusi usio na kitu, Plaine des Sables. Hakuna mti. Na lami inaishia hapo, inabaki vumbi na mashimo na mikwaruzo ya kutikisa meno, mwanyumba akaanza kuomba msamaha kwa niaba ya Ufaransa, mimi nikamwambia kaka tulia, hapa ndo nimefika nyumbani. Njia inaishia Pas de Bellecombe, mita 2,311, unasimama ukingoni unaangalia chini kwenye uwanja wa lava nyeusi iliyoganda imejikunja kama uji uliomwagika, na katikati yake ndio mlima wenyewe unapumua. Wenye miguu wanashuka ngazi na kutembea mpaka ukingo wa kreta, masaa matano sita kwenda na kurudi. Mimi na mama watoto tuliishia kwa kale kakilima kekundu kanaitwa Formica Leo, karibu na ngazi, tukaona inatosha. Mwanyumba alituonyesha kwa kidole kilele. Aprili 2007 lava ilitoka kwa wingi sana upande wa chini kuelekea baharini, ikakata barabara ya pwani, na huku juu kreta ya Dolomieu, lile shimo la kileleni, ikabaki haina cha kuishikilia, sakafu yake ikazama zaidi ya mita mia tatu kwa siku chache tu. Mlima ukishaanza kutikisika wanafunga hilo geti la ngazi na hakuna kubishana na askari. Saa nne kasoro mawingu yakaja, tukafunga milango, tukateremka.

Bei? Iko juu, mwandishi wenu yuko sawa. Lakini wanne kwa gari moja, chakula cha soko, hakuna hoteli, tulitumia chini ya kile ambacho shemeji alisema vyumba viwili vya ufukweni vingetugharimu. Friji ya gari ilikufa siku ya tatu na kampuni iliyotukodisha ikatuambia tuzime tuwashe. Tukala soseji haraka.

Kitu kimoja zaidi nilichokiona, na hiki ndicho kimenikalia kifuani. Jumapili, kule msituni juu, familia za wenyeji zinakuja kutoka alfajiri na masufuria makubwa, wengine wanamtuma kijana mapema akashike nafasi. Kuna vibanda vya paa na meza, kuna mahali pa kuwashia kuni, idara ya misitu imejenga, hulipi, na bibi anapika kari tangu saa moja asubuhi huku wajukuu wanacheza mpira na redio inalia. Hao si watalii. Ni watu wa mshahara wa kawaida, na mlima ni wao.

Niliporudi nikang'oa viti vya Hiace yangu ya zamani iliyostaafu stejini, nikaweka kitanda cha mbao, godoro la Gikomba, betri ya pili ya taa, jiko dogo la gesi. Imekuwa nzuri, watoto wanaililia. Mara ya kwanza tukaenda kupaki kwenye uwanja mmoja wa kuangalia Bonde la Ufa, nia yetu ni kulala tuone jua likitoka nyuma yetu na Longonot ikiwaka mbele. Saa nne usiku tochi usoni, mlinzi, ati tuondoke, kwani mnafanya nini humo ndani. Nikamwambia ni mke wangu na watoto watatu, angalia mwenyewe. Akaangalia, akasema hata hivyo. Tukarudi Nairobi usiku huo na watoto wakilia.

Volkeno tunazo mpaka za kuchezea, Mhariri. Longonot mita 2,776, Menengai na kreta yake pana kama mji, Suswa na mapango yake yaliyochimbwa na lava, na nyani wanaolala humo. Ninaomba ukurasa wenu wa safari ufanye kazi moja ndogo. Muwatume waandishi wakaulize, kaunti kwa kaunti, msitu kwa msitu, ni wapi mwananchi mwenye gari lake anaruhusiwa kupaki na kulala bila kufukuzwa, kuna choo, kuna maji, ni shilingi ngapi kwa raia, mchapishe kwenye jedwali moja. Hiyo nitaikata na kuibandika kwa dashibodi.

Na yule ndugu wa mistari minne, mwambieni sina kinyongo. Desemba tunaenda Suswa, tumeshaongea na Wamaasai wenye eneo lile na wamesema karibu. Tunatoka Ijumaa jioni si Jumamosi asubuhi, na kiti cha mbele kiko wazi, mama watoto anapenda kulala nyuma.

Ni mimi,
Baba Tumaini,
Umoja, Nairobi